Kufundisha Kiingereza nje ya nchi ukiwa Dar na huna uzoefu

Wanaoitaka kazi hii karibu wote huanza na CV. Wanakaa steshenari Mwenge au Ubungo, wanapanga, wanachapa, na usiku bando likiwa rahisi wanatuma maombi kila kona ya Asia. Kimya. Miezi ikipita wanajiambia tatizo ni uzoefu, na mara nyingi siyo. Serikali ya nchi unayoitaka huuliza kwanza pasipoti yako ni ya wapi, halafu kama una shahada, halafu kama polisi wa kwenu wana lolote baya juu yako. Uzoefu huulizwa na mwajiri, na mwenye kituo cha lugha kule Hanoi anaweza kuufumbia macho akikuona unajua kufundisha. Sheria ya viza haimfumbii mtu macho.

Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza ni huu: nchi kwanza, karatasi pili, na uzoefu utengenezee hapahapa Dar wakati karatasi zako zinazunguka maofisini.

Hatua ya 1: Futa nchi zisizokuruhusu

Korea Kusini ifute leo. Viza yake ya walimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza hutolewa kwa raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Wahindi wamepata kamlango kwa makubaliano ya biashara kati ya nchi hizo mbili. Sisi hatumo.

China ndiyo inayowaponza wengi, maana ndiyo yenye matangazo mengi, na kila mtu ana ndugu wa Kariakoo anayeijua Guangzhou. Kibali cha kufundisha Kiingereza kule kimewekewa wazawa wa lugha: utoke nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya kwanza, uwe na shahada, na juu yake uwe na miaka 2 ya uzoefu au cheti cha ualimu au cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wageni wa lugha. Asiye mzawa huwa na nafasi kama shahada yake kaisomea katika nchi hizo. Aliyesoma Mlimani hana, hata awe anawashinda hao wazawa kwa sarufi. Utaambiwa wapo Waafrika wengi wanaofundisha chekechea kule kwa viza ya masomo au ya biashara. Ni kweli wapo. Ni kweli pia kwamba sheria ya uhamiaji ya China, kifungu cha 80, inamtoza anayefanya kazi bila kibali yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15. Wakala aliyekupeleka hatakuwepo siku hiyo. Kama shahada yako ni ya hesabu au sayansi, mambo ni mengine, kwa kuwa mwalimu wa somo hahesabiwi kama mwalimu wa lugha. Ila hapo miaka miwili ya uzoefu haikwepeki.

Japani ina hesabu yake, nayo kwa Mtanzania inachekesha kidogo. Viza ya mwalimu wa lugha shuleni inataka uwe umesomeshwa kwa Kiingereza angalau miaka 12. Aliyepita shule ya msingi ya serikali alisoma kwa Kiswahili miaka 7. Sekondari hadi kidato cha sita ni miaka 6, chuo 3, jumla 9. Amepungukiwa mitatu. Aliyeanza mchepuo wa Kiingereza tangu darasa la kwanza ana 16. Kama wewe ni wa kundi hili la pili, rudi shule yako ya msingi sasa, mwalimu mkuu aliyekufundisha akiwa bado yupo, uombe barua yenye muhuri inayotaja miaka uliyosoma na lugha ya kufundishia.

Nchi za Ghuba ziweke kiporo. Shule za Imarati, Qatar na Saudia zinazolipa vizuri kwa kawaida hutaka shahada ya ualimu na uzoefu wa miaka miwili au zaidi. Hizo ni za kazi ya pili.

Zinazobaki Asia kwa mwenye shahada na pasipoti yetu ni hasa tatu. Thailand huajiri wasio wazawa kwa wingi, Wafilipino wakiwa mbele na Waafrika wakiwemo. Utahitaji shahada ya fani yoyote, alama za TOEIC au IELTS, ambayo ni mitihani ya kupima Kiingereza, viza ya Non-Immigrant B na kibali cha kazi, na shule itakuombea ruhusa ya muda kutoka baraza la walimu la huko, Khurusapha. Mshahara wa asiye mzawa mara nyingi huwa kati ya baht 20,000 na 30,000 kwa mwezi, nao ni mdogo kuliko wa Mwingereza anayefundisha darasa la jirani. Ukweli huo umeze mapema ili usikuchome baadaye. Vietnam hulipa vizuri zaidi lakini huuliza zaidi: shahada, cheti cha kufundisha lugha, na kwa asiye mzawa uthibitisho wa Kiingereza wa kiwango cha C1, ambacho katika IELTS ni kama 7.0. Kambodia ndiyo iliyolegea kuliko zote. Vituo vingi huajiri mtu akiwa ameshafika, na wengine hawasisitizi shahada. Ulegevu huohuo ndio unaowavutia matapeli, na habari yao inakuja.

Kisha kuna mlango ambao hakuna anayejigamba nao: majirani. Rwanda ilihamisha lugha ya kufundishia kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza mwaka 2008, na walimu wanaokimudu wamekuwa wakitafutwa tangu hapo, hadi Oktoba 2022 ilipopokea walimu zaidi ya 150 kutoka Zimbabwe kwa makubaliano ya serikali. Hakuna aliyewauliza kama ni wazawa wa London. Burundi na Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, zina wafanyabiashara wanaopitisha mizigo bandari ya Dar na wanaotaka watoto wao wajue Kiingereza. Soko la Pamoja la Jumuiya lilianza Julai 2010, kwa hiyo Mtanzania huingia Kigali bila viza ya kulipia, ingawa kibali cha kazi bado kinaombwa. Nauli ni ya basi kupitia Rusumo. Mshahara hautakutajirisha, lakini unapata mwaka mzima wa kufundisha nje ya nchi ulioandikwa kwenye barua yenye muhuri, na barua hiyo ndiyo utakayoiambatanisha ukiomba Asia. Kwa asiye na uzoefu wala mtaji, mimi ningeanzia hapa.

Kabla sijaacha habari ya nchi, kuna nafasi moja ambayo wahitimu wa Kiingereza huipita kwa kudhani haiwahusu: programu ya Fulbright FLTA. Inawachukua walimu vijana, wakiwemo wanaofundisha Kiingereza au wanaosomea kukifundisha, na kuwapeleka vyuo vikuu vya Marekani kusaidia kufundisha lugha yao kwa mwaka mmoja wa masomo. Kwetu lugha hiyo ni Kiswahili. Ubalozi wa Marekani Dar ndio unaotoa tangazo; uulize kwanza kama mwaka huu lipo. Ushindani ni mkali, kuomba ni bure.

Hatua ya 2: Karatasi, na hasa majina

Panga vyeti vyako vyote mezani: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, shahada, kitambulisho cha NIDA. Soma jina herufi kwa herufi. Cheti cha RITA kinasema Mohamed, NECTA inasema Mohammed, na NIDA imeongeza jina la babu ambalo chuo hakilijui. Hapa nyumbani mambo haya huisha kwa "ni mimi huyohuyo, afande". Afisa wa ubalozi akiona majina mawili anaona watu wawili. Tofauti ndogo ya herufi hutatuliwa kwa kiapo cha majina mbele ya wakili. Tofauti kubwa hutaka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Pasipoti itafuata NIDA, kwa hiyo kama NIDA ndiyo iliyokosea, rekebisha NIDA kabla ya kugusa fomu ya pasipoti. Kazi hii peke yake inaweza kula miezi, ndiyo maana nimeiweka mwanzo.

Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki huombwa mtandaoni, kisha unakwenda ofisi ya Uhamiaji kwa picha na alama za vidole. Ada ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Usingoje upate kazi ndipo uiombe, maana waajiri wengi huomba nakala ya ukurasa wa picha siku ya usaili.

Cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu kinataka alama za vidole. Hiki usikiwahi mno: nchi nyingi hukikataa kikizidi miezi sita. Kiombe unapoanza usaili kwa uzito.

Shahada ndiyo yenye safari ndefu. Nakala iliyopigwa muhuri na wakili wa Kariakoo haitoshi. Msururu wa kawaida ni chuo kuthibitisha, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Ubalozi wa China na wa Vietnam wako hapahapa Dar, na hiyo ni nafuu ambayo mwenzako wa Lilongwe au Bujumbura anaweza kuwa hana. Uliza ubalozi kwanza unataka muhuri wa nani na kwa mpangilio gani, kisha anza kutembea. Ukianza kutembea ndipo uulize, utarudia foleni. Na cheti halisi usimpe mtu abaki nacho, awe wakala, mwajiri au shemeji anayefahamiana na mtu wizarani.

Hatua ya 3: Fundisha mtu mwezi huu

Hapa ndipo Dar inapokupa kitu ambacho wengi hawakioni. Ukifundisha tuisheni ya watoto wa Sinza au Tabata unapata mazoezi, lakini mtoto asipoelewa unamwambia kwa Kiswahili na somo linaendelea. Bangkok huna pa kukimbilia. Kwa hiyo watafute wanafunzi ambao huna lugha nyingine ya kuongea nao. Wapo: Wachina wenye maduka Kariakoo, familia za Wakongo na Warundi waliokulia Kifaransa na waliokuja mjini kujifunza Kiingereza, Wakomoro, wake wa wafanyakazi wa kampuni za ujenzi. Mwenye duka la vipuri Mtaa wa Lumumba hahitaji kusikia habari ya wakati uliopita timilifu. Anahitaji kumwambia mteja wa Lusaka kwamba mzigo umechelewa bandarini na hela haitarudi. Mfundishe hilo.

Chukua watu wachache, mara mbili kwa wiki, kwa miezi miwili au mitatu. Toza kidogo, lakini toza; anayelipa huja. Andaa andalio la somo kwa kila kipindi kama ulivyofundishwa chuoni, lihifadhi, weka daftari la mahudhurio, na warekodi kwa simu siku ya kwanza na ya mwisho, kwa ruhusa yao. Mwisho omba barua fupi kutoka kwa kituo au mwenye biashara, yenye tarehe na idadi ya saa. Saa 50 za kweli zenye andalio na barua ni uzoefu. "Miaka mitatu" uliyoibuni itabomoka kwenye swali la pili la usaili.

Kuhusu namna ya kufundisha. Wengi wetu tulifundishwa Kiingereza kwa kunakili notisi ubaoni, na bila kujijua tutawafundisha wengine hivyohivyo. Vituo vya lugha vya nje vinataka kinyume chake: mwalimu aongee kidogo, wanafunzi waongee sana. Kipindi cha dakika 45 cha kuagiza chakula kinaweza kwenda hivi. Dakika tano za mwanzo weka picha za vyakula mezani na uwaache wataje wanavyovijua. Kumi zinazofuata wape sentensi tatu tu za kuagizia, wakurudie kwa sauti, wote pamoja kisha mmoja mmoja. Kumi nyingine wawiliwawili, mmoja mhudumu na mwingine mteja, sentensi zikiwa bado ubaoni. Halafu futa ubao. Zilizobaki mpe mhudumu kikaratasi kinachosema wali umeisha, mteja asijue, uone watajinasuaje. Hapo ndipo lugha inapotoka mdomoni mwa mtu.

Na usiulize "mmeelewa?". Jibu ni ndiyo katika kila nchi duniani. Uliza swali ambalo aliyeelewa peke yake atalijibu. Umefundisha wakati uliopita, kama "alikula"? Uliza: sasa hivi anakula, au amekwishamaliza?

Sikiliza pia kinywa chako. Sisi huwa na tabia ya kuongeza irabu mwishoni mwa maneno yanayoishia konsonanti, na ya kutamka irabu fupi na ndefu sawasawa, hadi kondoo (sheep) na meli (ship) kwa Kiingereza vinasikika neno moja. Huhitaji lafudhi ya Marekani, na ukiigiza utachekesha. Unahitaji kueleweka, na kuzijua tofauti hizo kiasi cha kuzifundisha. Faida yako juu ya mzawa ni kwamba wewe ulijifunza lugha hii kwa jasho, kwa hiyo unajua inauma wapi. Liseme hilo kwenye usaili bila aibu.

Mtandaoni pia kuna kazi. Preply na italki, tovuti zinazomkutanisha mwalimu na mwanafunzi, hupokea wasio wazawa. Preply huchukua malipo yote ya somo la kwanza la majaribio, kisha hukata asilimia 33 ya masomo yanayofuata, makato yanayopungua hadi 18 kadiri saa zako zinavyoongezeka. Anza bei ya chini na usiishi humo. Kitu unachokitafuta ni maoni ya wanafunzi yanayosomeka hadharani. Video za zamani zinazosimulia utajiri wa kufundisha watoto wa Kichina ukiwa kitandani zipuuze, kwa sababu Julai 2021 serikali yao ilibana biashara ya tuisheni na kampuni kubwa za aina hiyo zikafunga huduma.

Kama huna shahada, sehemu hii ndiyo mtaji wako wote. Diploma na saa nyingi za darasani zinaweza kukufikisha Kambodia, au kituo binafsi cha lugha kwa jirani, au kukulipa mtandaoni. Haziwezi kukupa kibali halali cha kazi Vietnam au Thailand, na anayekuambia zinaweza anataka hela yako. Ukiitaka shahada, Chuo Kikuu Huria kipo Kinondoni.

Hatua ya 4: Cheti cha TEFL na mtihani wa Kiingereza

Kipimo kinachoulizwa ni TEFL ya saa 120. Kozi za mtandaoni zinaanzia makumi ya dola hadi mamia kadhaa, na kwa mwajiri wa kawaida tofauti yake ni ndogo. Epuka inayokupa cheti wikendi moja. CELTA ya Cambridge ni kitu kingine: wiki nne au tano za kutwa nzima, angalau saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku unakaguliwa, na bei inayozidi dola 1,500 sehemu nyingi. Inafungua milango, lakini kama hela hiyo ni ya kukopa, mimi ningeiacha hadi kazi ya pili.

IELTS hufanywa hapa Dar kupitia British Council. Matokeo hukubaliwa kwa miaka 2 tu, kwa hiyo usiifanye kabla hujaamua nchi. Fanya mazoezi ya sehemu ya kuandika. Wenye Kiingereza cha mdomo kizuri hudondoka hapo.

Hatua ya 5: Kuomba kwa msimu

Shule za Thailand hufungua katikati ya Mei, na muhula wa pili huanza mapema Novemba, hivyo maombi yatue Machi na Aprili, au Septemba na Oktoba. Rwanda, Burundi na Kongo huanza mwaka wa shule Septemba, kwa hiyo bisha hodi kuanzia Mei. Vituo vya lugha vya Vietnam na Kambodia huajiri mwaka mzima.

CV iwe kurasa mbili. Juu kabisa weka uraia, shahada, TEFL, alama za IELTS na tarehe unayoweza kusafiri, maana hivyo ndivyo vinavyochujiwa. Asia wataomba picha. Piga ya heshima, mandhari nyeupe, ukitabasamu. Ambatanisha kiungo cha video ya dakika mbili au tatu ukifundisha kweli, siyo ukijisifu. Video hiyo ndiyo inayomfanya mtu asahau kwamba huna miaka ya uzoefu. Tangazo likisema wazawa tu, pita, usibishane nalo kwenye barua pepe. Na usiandike "Dear Sir/Madam" kwa shule mia. Andika kwa kumi ambazo umesoma zinafundisha nani.

Hatua ya 6: Usaili

Saa. Bangkok na Hanoi wako mbele yetu kwa saa 4. Wakisema 10:00 asubuhi ya kwao, kwetu ni saa kumi na mbili alfajiri, na watu wamekosa kazi kwa kuchanganya saa nne yetu na saa nne yao. Andika muda wa pande zote mbili kwenye barua pepe ya kukubali, ili wao ndio wakusahihishe.

Tanesco nayo ni sehemu ya maandalizi. Simu iwe imejaa chaji, bando la mtandao wa pili liwe tayari, na ikiwezekana kaa mahali penye jenereta. Mwambie msaili mwanzoni kwamba umeme ukikatika utarudi ndani ya dakika mbili kwa simu. Maandalizi yako atayaona.

Watakuomba somo la mfano la dakika kumi. Wengi hulifanya hotuba. Wewe mfanye msaili awe mwanafunzi: mwite kwa jina, mwonyeshe kitu halisi, mrudishe arudie, mpongeze kwa kiasi. Kwa watoto tumia mikono na uso kuliko maneno. Kikombe, embe na kanga vinatosha kabisa kuwa zana za kufundishia. Swali la "kwa nini tukuchukue wakati hujawahi kufundisha shule?" litakuja, jibu kwa saa zako, andalio lako na mwanafunzi mmoja unayeweza kusimulia alikuwa wapi na akafika wapi.

Hatua ya 7: Mjue tapeli

Hili silipiti haraka. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba angalau watu 120,000 nchini Myanmar na kama 100,000 Kambodia wameshikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Vijana wa Afrika Mashariki wamekuwemo. Njia ya kuwavuta mara nyingi ilikuwa kazi nzuri Thailand, ikiwemo ya kufundisha Kiingereza: tiketi unalipiwa, unapokelewa Bangkok, gari linaondoka kuelekea mpakani kwa safari ya masaa, na simu inachukuliwa.

Dalili zake zinafanana. Usaili wa maandishi tu kwa WhatsApp au Telegram, hakuna sura ya mtu. Mshahara mkubwa kuliko unaostahili. Viza ya utalii, "tutaibadilisha ukifika". Tiketi ya haraka, wiki hii. Shule isiyo na anwani ya mtaa. Anayetaka ulipie "viza" kwa namba ya simu ya mtu binafsi ni mwizi wa kawaida tu, utapoteza laki kadhaa. Anayekulipia kila kitu bila kukuuliza hata andalio moja la somo ndiye wa kuogopwa zaidi.

Kinga ni kazi ya jioni moja. Tafuta shule kwenye ramani ya mtandaoni, uone jengo. Piga simu ya ofisi iliyo kwenye tovuti yao, siyo ile uliyopewa. Omba kuongea kwa video na mwalimu wa kigeni aliyepo pale, bila bosi. Kama wakala ni wa hapa nchini, lazima awe na leseni chini ya sheria ya huduma za ajira ya mwaka 1999, na TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, ndiyo ya kuuliza. Kumbuka pia kwamba Mkataba wa ILO Na. 181 wa mwaka 1997 unamtaka wakala asimtoze mtafuta kazi.

Hatua ya 8: Mkataba na safari

Soma mkataba ukitafuta mambo haya: vipindi vingapi vya darasani na saa ngapi za kukaa ofisini, mshahara ni wa mwezi au wa saa, likizo zinalipwa au la, nani anagharimia kibali, notisi ya kuachishwa ni ya siku ngapi, na nyumba inatoka wapi. Nauli ya ndege mara nyingi hurudishwa mwisho wa mkataba, siyo mwanzo. Kipengele cha mwajiri kushika pasipoti yako kikiwemo, kifutwe au uache kazi. Mpe mtu wa nyumbani nakala ya mkataba, anwani ya shule na namba ya ndege.

Viza iwe ya kazi kabla hujapanda ndege. Ya Thailand tangu Januari 2025 huombwa kwa mfumo wa mtandaoni. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kadi ya njano sasa hudumu maisha yote, na uwanja wa ndege wa Bangkok wataiulizia kwa sababu unatoka Tanzania.

Hela. Mshahara wa kwanza utauona baada ya wiki tano hivi, na mwenye chumba Bangkok kwa kawaida hutaka amana ya miezi miwili pamoja na kodi ya mwezi mmoja kwa pamoja. Safiri na ya kutosha hayo, chakula na nauli ya kurudi, usiyoigusa. Mwenye nyumba anatakiwa kukuandikisha Uhamiaji ndani ya saa 24, fomu inaitwa TM30. Mkumbushe, kwa kuwa isipojazwa wewe ndiye utakayesumbuliwa dirishani. Na kila baada ya siku 90 utaripoti anwani yako, hata kama hujahama.